Mbweha wa Khalfani

Kitoto cha nne cha mbuzi kilikufa Jumatano, na Kashinje hakutaka kuambiwa na mtu kimeuawa na nani. Muuaji alimwona mwenyewe. Alfajiri hiyo alitoka kwenda kufungua zizi, umande bado umelala kwenye majani, akamkuta mbweha anakatiza kiwanja kichwa chini, mkia wake wenye ncha nyeupe umenyooka, mdomoni ananing'iniza kitu chekundu kinachodondosha maji. Zizini, mbuzi aliyezaa kabla ya kupambazuka alikuwa amesimama juu ya kitoto chake, analia. Kitoto kilikuwa kimechanwa masikio na kutafunwa mapaja, kimeachwa hapo hapo. Sasa mtu mzima, mwenye mke na wajukuu, atafute ushahidi gani tena?

Kashinje alikuwa mfugaji tangu utotoni, na hakuwaacha watu walisahau jambo hilo. Alizaliwa Usukuma, akateremka na ng'ombe wake mpaka Kwala, upande wa Kibaha, akakaa miaka kumi na moja. Kwala ilipoanza kugeuka ya viwanda na bandari ya nchi kavu, aliona malori yanazidi ng'ombe, akahama na mkewe Yunis hadi Chole, Kisarawe. Alifika na ng'ombe tisa, mbuzi thelathini, na mbwa wawili, Polisi na Mgambo. Mbwa hao aliwasifu kuliko alivyowasifu wanawe. Simoni, mwanawe wa kwanza, karani anayeishi Tangini, aliwahi kusema kwa mzaha kwamba laiti angezaliwa na mkia, baba yake angemsikiliza zaidi. Kashinje hakucheka.

Na hapa lazima lisemwe jambo moja dogo, maana dogo hilo ndilo lililozaa makubwa. Kule Kwala, mbuzi akizaa, kondo la nyuma lilifukiwa. Huku Chole alilifukia mara mbili, na mara zote mbili mbweha akaja akalifukua. Kashinje akachukia. Akaanza kuwapa mbwa. "Bora ale askari kuliko mwizi," alimwambia Yunis, akajiona mjanja kweli kweli. Ikawa mbuzi akizaa tu, anapiga mluzi, Polisi na Mgambo wanakuja mbio wanatikisa mikia, wanakula lingali na joto la mama. Yunis alimwambia siku moja kwamba bibi yake hakuwa akiruhusu mbwa aonje damu ya uzazi. Kashinje alimjibu kwamba bibi huyo hakuwahi kuwa na mbuzi thelathini.

Jirani yao wa karibu alikuwa Khalfani, Mzaramo wa hapo hapo, mkulima wa mihogo, kunde na mpunga wa bondeni. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na wawili hawa waliutumia utani wao kama chumvi, kila siku na katika kila chakula. Mtani haombi, hunyang'anya. Akikutukana mbele za watu, unacheka, na ukikasirika ni wewe uliyekosa adabu. Kwenye harusi ya Simoni, Khalfani alimvua Kashinje kofia yake mpya ya pama mbele ya wakwe, akaivaa, akatangaza kwamba kichwa cha Msukuma kiliumbwa kubebea kuni, si kuvalia kofia. Wakwe walicheka mpaka wakafuta machozi. Kofia haikurudi. Miaka minne Khalfani aliivaa shambani, juani na mvuani, na kila asubuhi akipita karibu na zizi aliigusa ukingo na kuita, "Msukuma! Bado hujarudi kwenu?"

"Nikirudi nani atakufundisha kulima, Mzaramo wewe? Mtakufa njaa mkicheza ngoma!"

Ndivyo walivyosalimiana. Yunis akisikia kelele hizo alijua kumekucha salama.

Na ni Khalfani huyo huyo aliyemwonyesha Kashinje mbweha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka ule wa kuhamia. Walikaa asubuhi kwenye tuta la jaruba, wanatafuna muhogo wa kuchoma, Khalfani akamgusa bega na kumwonyesha kwa kidevu. Mbweha alitoka kichakani taratibu, wa kijivu, mwenye mstari mweupe ubavuni. Akafika katikati ya majani, akasimama, mguu mmoja wa mbele juu, masikio yameelekea chini.

"Hatafuti kwa macho huyo," Khalfani alinong'ona. "Anasikiliza. Panya akitafuna chini ya majani, yeye anamsikia."

Mara akaruka juu, mwili umepinda, akashuka kwa miguu ya mbele na pua kwa pamoja. Alipoinua kichwa alikuwa na panya. Akamtikisa mara moja, akammeza. Alikamata watatu kabla jua halijapanda. Wa nne alimkosa, akabaki anapekuapekua majani kama mtu aliyeangusha sindano, na Kashinje akacheka sana.

Baadaye Khalfani alivunja kinyesi cha mbweha kwa kijiti, akamwonyesha kilichomo: nywele za panya, mbawa za mende na za panzi, kokwa za zambarau, vipande vya ganda la yai la kanga. "Anakula kila kitu, kama wewe kwenye harusi," alisema. "Mvua za kwanza zikinyesha anakaa kwenye kichuguu anaokota kumbikumbi. Mabibo yakianguka chini ya mikorosho, anashiba hayo. Mzoga akiukuta, haukatai. Na kondo la mbuzi ndiyo karamu yake."

"Na mbuzi mwenyewe?"

"Mbuzi mzima atamweza wapi yule? Kitoto kilichoachwa na mama yake anaweza kukichukua, sikatai. Lakini hakiachi hapo. Anakibeba akawape watoto, au anakifukia ale kesho. Mwenye njaa hachezei chakula, Msukuma."

Kashinje aliyasikia yote hayo, akayaelewa, akayakubali. Baadaye alijaribu sana kujidanganya kwamba hakuwahi kuambiwa.

Jumatano ile alikibeba kitoto cha nne, amekishika miguu ya nyuma, mpaka uani kwa Khalfani. Alitaka ruhusa ya kutega sumu kwenye kichaka kilicho kando ya mihogo, anakolala mbweha. Khalfani alichutama, akakigeuza kitoto huku na huku, akayatazama masikio yaliyochanwa. Hakutania.

"Mbweha hali hivi," alisema. "Huku ni kutafuna kwa mchezo. Na sumu siweki, ndugu yangu. Panya wa mihogo yangu nitamwachia nani?" Kisha akamtazama. "Mbwa wako walikuwa wapi?"

"Mlangoni pa zizi. Wamelala."

"Mbwa wa Kisukuma analala, mbweha anaingia na kutoka?"

Lilikuwa swali tu. Lakini Kashinje alilisikia kama kofi. Mtu anaweza kukutukania mama katika utani, ukacheka, lakini kuna mahali kila mtu ana kidonda, na kidonda cha Kashinje kilikuwa wale mbwa. Aliondoka bila kuaga, kitoto kinaning'inia mkononi, na kwa siku mbili aliitafuna hasira yake peke yake. Alipomaliza kuitafuna, ilikuwa imekuwa kitu kingine.

Ijumaa jioni kulikuwa na mkutano wa kitongoji, barazani kwa mwenyekiti, Ashrafu, kijana wa miaka thelathini na mitano aliyewaamkia wazee wote shikamoo kabla ya kufungua daftari. Walizungumza kisima, wakazungumza barabara. Ilipofika mengineyo, Kashinje akasimama.

"Vitoto vinne," alisema. "Na mbweha huyu ana mwenyewe. Analala kwenye kichaka cha mtu. Mtu huyo anamtetea. Kuku wa mtu huyo hali, anakula mbuzi zangu tu. Kwetu, mtu anayefuga mnyama wa porini tunajua anaitwaje."

Khalfani, amekaa kwenye benchi na kofia ya pama kichwani, alitabasamu. "Msukuma leo kaamka na yake," alisema, akangoja. Alikuwa anangoja Kashinje acheke, kwa maana utani hata uwe mkali vipi huishia kwenye kicheko, na mwenye kuanza ndiye anayecheka kwanza. Watu wengine nao walingoja. Kashinje aliuona mlango huo uko wazi. Angeweza kupita, na yangekuwa yameisha.

Hakucheka. Akakaa chini, akakunja mikono, na tabasamu la Khalfani likamfia mdomoni.

Kashinje alijua alichokisema. Asidanganye mtu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, kule kwao, mama yake mdogo Minza aliitwa mwenye fisi, ndiyo kusema mchawi. Mwanamke wa watu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, basi, hana kosa jingine. Walimchomea nyumba mchana kweupe. Kashinje ndiye aliyemsindikiza njia nzima, amembebea chungu kimoja kilichobaki, na Minza hakusema neno mpaka walipofika kwa ndugu, na hata huko hakusema. Neno lile alilolitumia barazani Chole hakulitoa porini. Alilitoa kwenye chungu kile.

Jumamosi vijana wakaenda kuchimba kichaka, wakiongozwa na Didas, mwendesha bodaboda, na Kashinje akawapa Polisi na Mgambo. "Mzee, tulia, leo tunamaliza mchezo," Didas alimwambia. Na kweli waliumaliza. Walimuua jike na watoto watatu shimoni. Dume hakuonekana tena.

Walipolipanua shimo, Didas aliinama akapekua kwa jembe. Kulikuwa na mafuvu madogo ya panya, manyoya ya kwale, kokwa, maganda ya mayai.

"Mzee, mbona hamna hata ukwato?"

"Mifupa anatupa mbali," Kashinje alisema, na uso wake ukawaka moto. Aliwaambia wafukie haraka.

Asubuhi ya Jumapili alikuta kofia ya pama imetundikwa kwenye nguzo ya zizi. Ilikuwa imefuliwa, na ukingo wake uliokuwa umetatuka miaka mingi ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi. Muda kidogo Khalfani akapita na jembe begani, kichwa wazi.

"Habari za asubuhi, Mzee Kashinje," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," Kashinje alijibu, na Khalfani akaenda zake kwa heshima zote.

Yaliyofuata hayakupigiwa ngoma. Mwamvita, mke wa Khalfani, alikuwa akikaanga vitumbua na kuuza njia panda, na watoto wa shule walikuwa wakimzonga. Wiki hiyo alirudi na beseni karibu limejaa, na wiki iliyofuata hakwenda. Mzee mmoja alifariki upande wa msikitini, na kuosha maiti kwa miaka ishirini ilikuwa kazi ya Khalfani. Safari hii aliitwa mtu kutoka kijiji cha pili. Khalfani alikwenda msibani kama watu wengine, akakaa mwisho wa jamvi, akanywa kahawa, akarudi. Hakuna aliyemwambia neno baya. Watu walimsalimia vizuri sana, kwa mbali.

Kashinje yeye alisifiwa. Mzee ametukomboa, walisema. Na kwa siku ishirini mbuzi hawakufa, kwa sababu siku hizo hakuna mbuzi aliyezaa. Hilo hakulifikiria.

Siku ya ishirini na moja alikuwa amekwenda mnadani, akarudi mapema kuliko alivyoaga, saa nane mchana, Yunis yuko kisimani. Alipokaribia zizi alimwona mbuzi wake mweupe amejitenga na wenzake, anazaa. Nyuma yake Polisi amelala kifudifudi, kidevu juu ya miguu ya mbele, anatazama. Kashinje akasimama pale pale nyuma ya ua, akafurahi kuona ulinzi.

Kitoto kikadondoka. Mbuzi akageuka kukilamba. Polisi akainuka, akangoja kidogo, akasogea. Alipolivuta kondo, alilivuta kwa ustadi, kama alivyofundishwa. Akalila. Kisha akaendelea kulamba damu kwenye majani, akaifuata damu mpaka kwenye mapaja ya kitoto, akalamba hapo, akang'ata. Kitoto kikalia. Mgambo akaja mbio kutoka upande wa pili na kulidaka sikio. Walikivuta huku na huku kama watoto wanaogombea kamba. Kashinje alipopata sauti ya kupiga kelele, walishakiachia. Kilikuwa kimekufa, masikio yamechanwa, mapaja yametafunwa.

Polisi alimjia anatikisa mkia. Alidhani atasifiwa, na kwa nini asidhani? Kila mbuzi alipozaa aliitwa kwa mluzi.

Kashinje alikaa chini kwenye samadi. Hakumpiga mbwa. Alihisi aibu inampanda kutoka miguuni kama homa, na akili yake ikaanza kumletea mambo moja moja, bila huruma. Swali la Khalfani. Shimo lisilo na ukwato. Kile chekundu kilichoning'inia mdomoni mwa mbweha alfajiri ile: lilikuwa kondo, kipande kilichowashinda mbwa, mnyama wa watu kaokota makombo. Na Minza mbele yake njiani, anatembea bila kusema.

Unadhani aliinuka hapo hapo akaenda kusema kweli? Thubutu. Aliinuka akachukua jembe, akakifukia kitoto nyuma ya zizi, akawafunga mbwa kamba, akawaosha midomo kwa maji. Yunis aliporudi akamwambia mbuzi mweupe kazaa mfu.

Yunis aliitua ndoo. Akamtazama mumewe, akawatazama mbwa, ambao hawakuwahi kufungwa kamba maisha yao yote, na manyoya ya vifua vyao bado yana maji. Akaenda kwa mbuzi, akamkagua. Alirudi amekaza uso.

"Amefufuka mbweha?" aliuliza.

Kashinje akajifanya anakaza kamba za mbwa.

"Nakuuliza, Baba Simoni. Amefufuka?"

"Usiku nitakueleza."

"Mimi hunielezi kitu. Mimi nilikwambia nikiwa nimesimama hapa hapa, ukanitukania bibi yangu. Nenda kamweleze yule ambaye mkewe nampita njiani nikitazama chini kama mwizi."

Siku ya pili alikwenda. Alimkuta Khalfani bondeni, ameinama kwenye mihogo. Mashimo ya panya yalikuwa kila tuta. Mihogo ilikuwa imetafunwa kutoka chini, juu majani mabichi, ukivuta shina linakuja jepesi. Kunde zilikuwa zimebaki vikonyo. Khalfani alijinyoosha, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, Mzee Kashinje."

"Ahsante. Panya wamezidi."

"Wamezidi."

Kashinje alifungua kinywa. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima, lakini alipoitazama mihogo ile yalimwisha. Akasema mvua za mwaka huu zimechelewa. Khalfani akakubali kwamba zimechelewa. Akasema na jua nalo limekuwa kali. Khalfani akasema kweli, limekuwa kali. Angetukanwa hapo angeshukuru Mungu. Aliaga, akapanda kilima, na juu alipofika alitema mate kwa kujichukia mwenyewe.

Ilibidi ipite wiki nzima, na Yunis alale akimpa mgongo wiki nzima, ndipo akaenda kwa Ashrafu kuomba mkutano. Ashrafu aliuliza wa nini. "Nililisema jambo mbele za watu," Kashinje alijibu. "Siwezi kulifuta kwa siri."

Watu walijaa, maana habari ya mkutano usio na ajenda hunogesha. Khalfani alikuja, akakaa kwenye benchi lile lile. Mwamvita alisimama nyuma pamoja na wanawake, ingawa kati yake na wao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kashinje alisimama na kofia ya pama mikononi, anaizungusha.

Alisema yote. Alianza na kondo, akamaliza na kitoto cha mbuzi mweupe alichokifukia na uongo aliomwambia mkewe. "Mbweha hakuua hata kimoja. Walioua ni mbwa wangu, na mimi ndiye niliyewaonjesha damu. Khalfani aliniambia, na miaka mitano nyuma alinionyesha kwa macho. Nilijua. Nilisema nililolisema kwa sababu aliwagusa mbwa wangu. Kwetu neno lile linaua watu, nalijua kuliko nyinyi nyote, nami nikamtupia mtani wangu. Nimekuja kusema nilisema uongo. Nina aibu. Sina la zaidi."

Hakuna aliyecheka. Ashrafu alikohoa, akasema mzee amefanya uungwana, binadamu hukosea, na mambo haya tuyaache hapa. Wengine waliitikia. Kashinje akavuta pumzi. Alikuwa ameanza kuhisi mzigo unateremka.

Ndipo sauti ikatoka kwa wanawake, sauti ya Biasha, mama mmoja mpole asiye na ugomvi na mtu, ambaye alikuwa anauliza tu kwa kutaka kujua. "Sasa, hao mbwa," alisema, "mbwa wazuri vile, wamekaa miaka yote hawajaua. Aliyewabadilisha ni nani?"

Baadhi ya watu waligeuza shingo, polepole, wakamtazama Khalfani.

"Ni mimi!" Kashinje alipiga kelele. "Nimesema ni mimi! Hamkusikia?"

Walimsikia. Walitikisa vichwa kwa huruma, jinsi mtu anavyomtikisia kichwa mgonjwa anayesema haumwi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee wa watu anaogopa. Maji yakimwagika hayazoleki, na Kashinje aliyaona yanatiririka mbele yake, yanakwenda yatakako. Khalfani alisimama, akaaga kwa mkono kifuani, akaondoka. Mwamvita alimfuata, na wanawake walimpisha kwa upana.

Kashinje alijilazimisha kufanya la mwisho aliloliweza. Kesho yake alfajiri alikwenda mpaka kwa Khalfani, akaiweka kofia ya pama juu ya kigoda kilichoko kizingitini, akarudi kimya. Moyoni alikuwa anaomba kitu kimoja tu, Khalfani apite asubuhi hiyo na tusi kubwa la kumkera.

Aliyekuja alikuwa Mwamvita, jua limeshapanda. Aliishika kofia kwa vidole viwili. Kashinje alikuwa anatengeneza mlango wa zizi. Polisi na Mgambo wamefungwa kwenye mnyororo upande wa pili wa nyumba, mbali na mbuzi.

"Mwenzio kanituma," Mwamvita alisema. Aliongea bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Amesema jana amekusikia. Amesema haikuwa kazi nyepesi kusema vile, na yeye anajua."

"Na kofia?"

Mwamvita aliitundika kwenye nguzo ile ile.

"Amesema kofia ya mtani hunyang'anywa. Haipelekwi."

Akageuka, akashika njia. Kashinje alitaka kumwita, lakini angemwitia nini?

Tangu siku hiyo huivaa. Yeye ambaye hakuwa mtu wa kofia shambani, huivaa asubuhi na jioni, kwenda kisimani, kwenda mnadani, hata siku za mawingu. Njia ya kisimani ina vichochoro viwili, kimoja kifupi kinapita bondeni, kingine kirefu kinapita mbele ya ua wa Khalfani. Kashinje hupita kile kirefu. Akikaribia hupunguza mwendo, huinamisha kichwa kidogo kwa upande wa nyumba, ili ukingo uwe karibu na mkono wa mtu atakayetaka kuunyakua.

"Habari za asubuhi, Mzee Kashinje," Khalfani humwambia kutoka barazani.

"Nzuri," hujibu yeye, na huenda taratibu mpaka amepita ua wote.